Homa Inayoheshimu Itifaki

Nchi yetu siitaji jina. Yenyewe inajijua, na wewe unayesoma, ukiona umeanza kuitambua, nakuomba uache mara moja, maana kwetu kutambua nchi bila kibali ni kosa. Mimi ni raia mtiifu. Naitwa Shebe, fundi wa vyombo vya muziki: nafunga spika, navuta nyaya, nachunga kipaza sauti kisipige mluzi mbele ya wakubwa. Ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu, na pale ambapo sikuelewa nimechukulia kwamba Serikali imeelewa.

Homa iliposikika nchi za jirani, Serikali yetu ilitulia tuli. Waziri wa Afya, Burudani na Utulivu, Mheshimiwa Profesa Mapute, alitangaza redioni kwamba homa hiyo haina viza, kwa hiyo haiwezi kuingia. Ilipoingia, akatangaza kwamba imeingia kinyume cha sheria na itachukuliwa hatua kali. Ilipoanza kuua watu akanyamaza kidogo, halafu akarudi na sayansi.

"Ndugu wananchi," alisema uwanjani, "wataalamu wangu hawajalala. Wamegundua kwamba homa hii inasambazwa na furaha. Mtu akifurahi, mdomo unafunguka. Mdomo ukifunguka, kirusi kinatoka. Lakini mtu anayesikiliza hotuba, mmewahi kumwona amefungua mdomo?"

Tuliokuwa uwanjani siku ile tulikuwa tunapiga miayo, ila miayo haikuingizwa kwenye utafiti.

Basi zikafungwa kumbi za muziki, za taarabu na za sinema. Mpira ukasimamishwa. Harusi zikaruhusiwa mradi pasiwe na vigelegele. Bao likapigwa marufuku barazani, kwa sababu anayekula kete nyingi hucheka, tena hucheka usoni kwa mwenzake. Mikutano ya hadhara ikaendelea, uzinduzi wa miradi ukaendelea, sherehe za kumpongeza Rais zikaendelea, na sherehe za kuwapongeza waliompongeza Rais zikaongezwa. Mwandishi mmoja wa habari akauliza, mbona huku watu wamebanana na hamfungi?

"Homa hii inaheshimu itifaki," Profesa Mapute akamjibu. "Haiwezi kupanda jukwaani kabla haijatambulishwa."

Tulipiga makofi. Yule mwandishi siku hizi anafuga kuku, na nasikia kuku wake wanaendelea vizuri.

*

Sasa nikupeleke kwa Bi Sihaba, maana haya yote yalimwangukia yeye.

Bi Sihaba ni mjane, mwenye Ukumbi wa Tulizana, ukumbi mkubwa kuliko wote mjini kwetu. Aliujenga kwa maandazi. Usicheke, ndugu yangu. Miaka nenda miaka rudi alikaa mbele ya karai la mafuta, na kila alipopata kidogo akanunua matofali, mpaka ukumbi ukasimama. Akauwekea madirisha makubwa pande zote, kwa sababu alisema yeye moshi wa jikoni umemtosha, anataka watu wacheze penye hewa. Nyuma ya ukumbi ana vyumba viwili, ndimo anamolala. Bendi nzima inayopiga humo inakula kwake, mimi nikiwemo. Mwimbaji wetu, Mzee Pongwa, alikuwa hana mke wala mtoto, na wali wa Bi Sihaba ndio uliokuwa ukimshikilia duniani.

Siku ya kufungwa alikuja Mkuu wa Mji mwenyewe, Bwana Mrututu, na mnyororo mnene wa kufungia lori. Mrututu ni mtu mwenye adabu. Hajawahi kumfukuza mtu kwake bila kumwamkia kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnyororo wote huo wa nini, unamfunga tembo?"

"Nafunga ukumbi, mama. Ni agizo. Furaha imezidi humu."

Bi Sihaba akafuta mikono kwenye kanga. "Sikatai," akasema. "Homa ipo, jirani yangu nimemzika juzi. Funga. Lakini mpaka lini?"

"Mpaka itakapotangazwa vinginevyo."

"Na ile sheria yenu ya majengo yaliyotelekezwa?"

Hapo Mrututu akakohoa kidogo, kikohozi cha adabu. Lazima nikueleze. Kwetu kuna sheria kwamba ukumbi usiotumika mpaka mwisho wa masika unahesabiwa kuwa umetelekezwa, na Serikali inauchukua iutunze. Sheria nzuri sana, inazuia uvivu.

"Sheria ni msumeno, mama," akasema Mrututu.

"Yaani unaufunga wewe, halafu unaninyang'anya kwa sababu umefungwa?"

"Mimi nafunga kwa upande wa afya. Watakaochukua ni upande wa ardhi. Ni ofisi tofauti kabisa, mama, hata ngazi zake ni tofauti."

Akafunga, akamuaga kwa heshima, akavuka barabara kwenda kwa shemeji yake. Huyu shemeji alikuwa na baa, lakini tangu tangazo litoke kibao kilibadilishwa kikawa Kituo cha Elimu ya Lishe, na kwa kuwa elimu haikufungwa, watu walikuwa wakijifunza humo kutwa, wengine wakibebwa na wenzao kurudishwa makwao kwa jinsi elimu ilivyowaingia. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza kunyesha, na Bi Sihaba alisimama barazani kwake akaziangalia kama mtu anayeangalia saa.

*

Msidhani bendi ilipumzika. Kila Jumamosi lori la Halmashauri lilitufuata. Tulipangwa humo tumesimama, ngoma juu ya vichwa, spika miguuni, tukapelekwa kumpokea kiongozi fulani anayefungua kitu fulani. Barakoa zilikatazwa kwenye mapokezi, kwa sababu kiongozi anatakiwa aone tabasamu. Mzee Pongwa aliuliza kama tabasamu si furaha. Afisa mmoja akamweleza kwa upole kwamba tabasamu la ukumbini ni furaha, la uwanjani ni uzalendo, na uzalendo hauambukizi.

"Ungeambukiza," Mzee Pongwa alininong'oneza, "hawa wangeshaupata zamani."

Mimi sikucheka. Niliuma mdomo mpaka nikasikia ladha ya damu.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye uzinduzi wa bomba la maji. Bomba lilikuwa limefika, maji yalikuwa bado, lakini utepe ulikuwa tayari na Profesa Mapute alikuwa na mkasi. Jukwaani walikaa wafadhili kutoka ng'ambo, wekundu kwa jua, wanaandika andika. Bi Sihaba alikuja na lori letu, akanyosha mkono. Wakati wa maswali ulikuwa umewekwa ili wale wafadhili waone tunavyouliza, na waulizaji walikuwa wameshapangwa. Lakini yeye alikuwa mbele na mkono wake mrefu.

"Mheshimiwa," akasema, "bendi hii ni yangu. Ikipiga kwangu, watu mia mbili, madirisha wazi, mnasema inaua. Leo iko hapa na watu siwezi hata kuwahesabu, wamebanana mpaka mtoto amezimia pale. Mimi nauliza tu. Haki iko wapi?"

Mrututu alifunga macho. Mfadhili mmoja akamwinamia mkalimani, akatikisa kichwa, akaandika.

Nikamwona Profesa Mapute anawaza. Halafu akafungua mikono miwili. "Huyu mama," akasema, "ameuliza swali zuri sana! Nchi hii ni ya kidemokrasia. Hatuogopi maswali, ndiyo maana tunayachagua wenyewe. Natangaza Mdahalo wa Kitaifa kuhusu Haki ya Katazo! Wananchi watajadili kwa uhuru, na sisi tutafuata watakachokubaliana!"

Makofi, vifijo, bendi ikaamriwa ipige. Siku ya tatu yake nilipita kwa mchapaji wa fulana, rafiki yangu, nikakuta fulana za mdahalo zimeanikwa kwenye kamba, zimeandikwa kifuani kwa rangi ya kijani: TUMEJADILI, TUMEKUBALI, KATAZO NI LA HAKI. Mdahalo wenyewe ulikuwa bado haujapangiwa tarehe. Huo ndio unaoitwa uongozi wa kuona mbali.

*

Ikabaki shida ya mahali. Ukumbi wa Serikali ulikuwa umeshazinduliwa mara nne na marais wawili, ila ulikuwa haujapata paa. Ukumbi mwingine wa kutosha haukuwepo. Mrututu akaja kwa Bi Sihaba na ufunguo.

"Shikamoo mama. Tumekuja kuufungua."

Ungemwona! Aliruka, akampigia kigelegele kwa kusahau, akaziba mdomo kwa kiganja. "Umefunguliwa, si ndiyo? Kwa hiyo unatumika? Hautahesabiwa umetelekezwa?"

"Unatumika kwa siku moja, mama, kujadili kama ilikuwa haki kuufunga. Wakikubali haikuwa haki, utabaki wazi."

"Na wakikubali ilikuwa haki?"

"Ndiyo demokrasia, mama."

Alinishika mkono pale pale. "Shebe mwanangu," akasema, "watu wanakuja. Wakija wakaona, wataelewa. Mtu akiona kitu kwa macho hawezi kukataa." Nilimwitikia ndiyo, mama. Sikumwambia habari za fulana. Nilimwona anavyofurahi nikashindwa.

Alipiga deki ukumbi mzima, akaweka ndoo za maji na sabuni mlangoni, akapanga viti mbali mbali, hatua mbili kutoka kiti hadi kiti, akafungua madirisha yote. Asubuhi ya mdahalo walikuja watu wa itifaki. Wakasema viti ni vichache, wakaongeza mara tatu. Ndoo za maji wakaziondoa mlangoni, kwa sababu zulia jekundu lilitakiwa lipite pale. Halafu wakayafunga madirisha na kuyapigilia vitambaa vya rangi za Taifa kwa misumari.

"Jamani, hewa!" akalia Bi Sihaba.

"Mama, upepo unapeperusha bendera," akamwambia mkubwa wao. "Tena dirisha likiwa wazi, walioko nje watasikia mdahalo, na hawajaalikwa."

Watu wakaingia. Wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, manaibu wa wakuu wa vitengo, wake zao, walinzi wao, wapambe wa kushika miavuli ndani ya nyumba. Kila mmoja alipewa fulana. Jasho lilikuwa linatiririka ukutani. Mimi nilisimama kwenye vyombo vyangu, na hapa nataka unisikilize vizuri, maana ni kazi yangu naijua.

Kipaza sauti kilikuwa kimoja. Kilikuwepo cha pili, lakini itifaki walisema vipaza viwili vitaonyesha kuna pande mbili. Kile kimoja kina sponji kichwani, na sponji ile inanyonya mate ya msemaji. Nilikuja na spiriti na pamba, nikasogea nikifute baada ya msemaji wa kwanza. Mlinzi alinidaka mkono.

"Unafanya nini?"

"Nakisafisha, afande. Mate."

"Atakayekishika baadaye ni Mheshimiwa. Na baada ya Mheshimiwa utakifuta pia?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa hiyo unasema mate ya Mheshimiwa ni machafu?"

Nikaiweka spiriti mfukoni. Ningefanya nini?

*

Mdahalo ulikuwa na upande wa "Ni Haki" na upande wa "Si Haki". Upande wa "Ni Haki" walijitokeza watu wengi mpaka wakasukumana. Upande wa "Si Haki" hakujitokeza mtu, ikabidi Serikali iazime mtumishi wake, Katibu Msaidizi wa Utulivu. Alipanda na kijasho, akasema, "Mimi napinga vikali. Katazo hili si la haki. Si la haki kwa sababu ni laini mno! Wananchi walistahili kali zaidi!" Akashangiliwa kwa ushujaa wake.

Kisha akasimama Profesa Mapute. Alieleza kwamba haki ni kama pilau, ina mchele na ina viungo, na mwananchi ni mchele. Hatukuelewa, tukapiga makofi. Katikati ya maneno akaanza kukohoa. Alikohoa kweli kweli, ameshika kipaza, spika zangu zote zikatetema. Ukumbi ukashtuka. Mrututu, mtu mwenye adabu, akaona haifai mkubwa akohoe peke yake, naye akakohoa. Naibu wake akafuatia. Mara ukumbi mzima ukawa unakohoa kwa mshikamano, wengine wamesimama kabisa ili waonekane wanavyokohoa. Profesa aliguswa sana, nilimwona anafuta machozi.

Ndipo akaitwa Bi Sihaba, kama "mfano wa mwananchi". Alipanda na kanga yake safi, akakishika kipaza kwa ncha ya kanga.

"Mimi sikusoma," akasema. "Sikuja kusema homa haipo. Ipo. Wala sikuja kusema msifunge. Nimekuja kusema hivi: kama ni kufunga, tufunge wote. Funga kwangu, funga kwa shemeji, funga na uwanjani kwako, baba. Mimi nitakuwa wa kwanza kuja na kufuli langu, wala sitalia. Lakini usinifunge mimi ninayeweka madirisha, ukajiachia wewe unayeyapigilia misumari. Watu hawa mmewaita kwangu, ni wageni wangu. Angalieni, wanakosa pumzi! Nawaombeni, kabla hamjapiga kura yenu hiyo, fungueni hata dirisha moja."

Nyuma kabisa mtu mmoja akasema, "Kweli jamani." Mwingine akasema, "Mama anasema kweli." Hata mimi moyo ulinipanda, nikasema labda, labda leo.

Profesa Mapute akacheka, akamnyang'anya kipaza kwa upole. "Mama yetu ana uchungu wa biashara," akasema. "Tumemsamehe. Bendi!"

Mzee Pongwa akapewa kipaza kile kile, kimelowa, akaimba. Profesa akacheza. Wakuu wote wakacheza, wamekumbatiana na kukanyagana, na mshereheshaji akatangaza kwamba hii si burudani, bali ni mapumziko ya kikazi yenye mdundo.

Kura zilipigwa wakati wa chakula. Kila mtu alikuwa ameshika sahani ya pilau kwa mkono mmoja na soda kwa mkono wa pili, ndipo mshereheshaji akasema, "Wanaoona katazo si la haki, wanyoshe mikono." Haukunyoshwa mkono hata mmoja. Katazo likapita kwa kauli moja. Mnyororo ukarudishwa mlangoni wageni wa mwisho wakiwa bado wanatafuta viatu, na Bi Sihaba akabaki amekaa kwenye ngazi za nyuma, sahani yake haijaguswa.

*

Baada ya siku chache walianza kuanguka. Katibu Msaidizi wa Utulivu alitangulia, akafuata naibu wa Mrututu, mshereheshaji, wapambe wa miavuli. Hospitali yetu ilijaa mpaka varandani. Profesa Mapute alipelekwa kutibiwa ng'ambo, kwa sababu hospitali za nyumbani ni nzuri mno na hakutaka kuwanyima wananchi nafasi.

Mzee Pongwa alilala sakafuni, varandani, kwenye mkeka alioubeba Bi Sihaba. Alimlisha uji kwa kijiko. Siku moja asubuhi akakataa uji, akageukia ukuta, na ndiyo ikawa basi. Tulimzika watu kumi, kwa mujibu wa maelekezo. Wiki hiyo hiyo akazikwa mkuu wa kitengo mmoja, barabara zikafungwa tatu, na lori likatufuata bendi twende tukamwombolezee. Tulikwenda bila mwimbaji. Niliwachukia siku ile. Nasema wazi, niliwachukia wote, na huku nawafungia spika zao.

Serikali haikukaa kimya, iliunda Tume. Tume ilifanya kazi ya kitaalamu sana. Iliuliza kila mgonjwa: ulikuwa wapi? Kila mgonjwa akasema: Ukumbi wa Tulizana. Profesa Mapute aliporudi kutoka ng'ambo, amenenepa kidogo, akasoma matokeo redioni.

"Ndugu wananchi, tuliambiwa tunaonea kumbi za burudani. Sasa sayansi imesema. Wagonjwa wote, nasema wote, walitoka ndani ya ukumbi mmoja wa burudani! Hakuna aliyeugulia ofisini. Hakuna aliyeugulia mkutanoni. Wangetusikiliza, ukumbi ule ukabaki umefungwa, ndugu zetu wangekuwa hai leo. Ukumbi huo utabomolewa."

Bi Sihaba alikuwa anakaanga maandazi redio ilipokuwa inasema. Alirudia karai baada ya miaka yote ile. Aliendelea kugeuza maandazi mpaka yakaungua yote, nikamtoa kijiko mkononi.

*

Kubomoa kwetu hakufanywi kimya kimya. Kuna sherehe. Tingatinga linafungwa utepe, linapambwa maua, kiongozi anahutubia, na kwa desturi yetu mwenye kubomolewa hutoa neno la shukrani. Watu waliletwa kwa malori kutoka kila mtaa. Uwanja wa mbele ya ukumbi ulifurika, watoto mabegani, vikongwe kwenye viti, wote wamebanana, hawana barakoa. Kulikuwa na watu waliozika wazazi wao mwezi ule ule, wamekuja kupunga vibendera.

Profesa Mapute alihutubia mpaka jua likawa la utosi. Kisha mshereheshaji mpya, maana yule wa zamani alikuwa amefariki, akasema, "Sasa tumkaribishe mama yetu atushukuru."

Bi Sihaba alipanda. Aliwatazama wale watu muda mrefu, mpaka Mrututu akaanza kujikuna shingo.

"Jamani," akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Mimi wanabomoa, waache wabomoe. Ukumbi ni matofali. Nyinyi mnafanya nini hapa? Wewe Bi Nuru, mama yako anakohoa nyumbani, umemwacha na nani? Wewe baba mwenye mtoto begani, huyo mtoto unampenda? Mmebanana hivi kwa ajili ya nani? Pongwa nimemzika na watu kumi. Sitaki kuwazika nyinyi. Nendeni nyumbani. Nawaomba kama mama yenu, nendeni nyumbani, mmoja mmoja, taratibu, msisukumane."

Bi Nuru alikuwa wa kwanza. Akakunja kibendera chake, akageuka. Halafu yule baba mwenye mtoto. Halafu, haki ya Mungu, walianza kuondoka kwa mafungu, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga kelele. Tangu homa ianze, agizo la afya lilikuwa halijatiiwa vile katika nchi yetu.

Profesa Mapute akarukia kipaza. "Rudini! Ni amri! Mkutano haujafungwa! Mnavunja..." Midomo ilikuwa inaendelea kwenda lakini sauti haikutoka. Spika zote zilikuwa zimekufa. Alibaki anawapigia kelele watu waliokwisha kumpa migongo, na dereva wa tingatinga akashuka, akaliacha na maua yake, akaenda zake.

Ukumbi walikuja kuubomoa kesho yake, bila hotuba. Bi Sihaba walikuwa wameshamchukua pale pale jukwaani. Ameshtakiwa kwa kosa la kutawanya mkusanyiko halali wakati wa janga. Yuko mahabusu, chumba kimoja na wanawake zaidi ya arobaini, wanalala kwa zamu.

Kesi inasikilizwa kesho, na mimi nimeitwa kutoa ushahidi. Bwana Mrututu amenifuata nyumbani, akaniamkia vizuri. Amesema Serikali haina neno na mimi. Ikibidi aliyewatawanya awe mmoja tu, basi awe yule mama. Niseme tu kwamba umeme ulikatika, kwetu umeme unakatika kila siku, hakuna atakayeshangaa, nami nitarudi kwenye kazi zangu.

Nimefikiri sana, maana mimi ni raia mtiifu na nimeambiwa mahakamani niseme kweli. Siku ile umeme ulikuwepo. Nilizima mimi.